Samaki wa kwanza wa Darius anakumaliza kila mara? Toka huko pembeni

Swali: "Shikamoo kaka. Nacheza Darius, ile gemu ya ndege ya zamani, kwa Switch (mashine ya gemu ya Nintendo) ya binamu yangu hapa Kisauni. Stej ya kwanza naimaliza bila shida lakini nikifika kwa yule samaki mkubwa King Fossil ananimaliza kila siku. Najibana kule mwisho kushoto nampiga kutoka mbali lakini hafi, alafu vinakuja vitu kama vibokisi vinanifukuza mpaka nakufa, na nikishakufa bunduki inakuwa dhaifu ndo basi tena. Shida ni mimi ama ni pedi?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na ile ya pili nikasimama hapo uliposema najibana kushoto, manake shida yote iko hapo. Samaki hafi kwa sababu hiyo, na hivyo vibokisi vinakuja kwa sababu hiyo hiyo. Pedi ntaifikia, na TV pia, kwa sababu nazo zina mkono wake kwenye hii habari, lakini tuanze na pale ulipokaa wewe.

Lazima kwanza uielewe ile mashine ilivyokuwa, kwa sababu gemu hii imepikwa kwa chungu chake. Darius ni ya Taito, Wajapani, ya miaka ya 1980, na ilikuwa si kabati la kawaida la kutia sarafu ukasimama ukacheza. Ilikuwa na skrini tatu zimepangwa ubavu kwa ubavu, zikaunganishwa kwa vioo ndani ili jicho lione picha moja ndefu isiyo na mshono, na mchezaji anakaa kwenye benchi lenye spika ndani yake, besi ikipiga waisikia mgongoni. Muziki ni wa Hisayoshi Ogura na kundi la Zuntata, na mimi mpaka leo nauweka kwa hedfoni nikiwa kwa matatu, ule wa stej ya kwanza hasa. Sasa ile picha ndefu ina pikseli 864 kwa 224, yaani kwa jicho ni kama upana mara nne ya urefu. Hiyo namba ishike, tutairudia.

Ndege yako Silver Hawk ina kiasi cha risasi zinazoruhusiwa kuwa hewani kwa wakati mmoja. Ukishafikisha kiasi hicho, hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu hakitoki kitu, mpaka moja igonge adui ama itoke nje ya skrini ndo nafasi inafunguka. Wengi hawalijui hili na ndilo linalowaua. Tuchukue mfano tu, tuseme waruhusiwa risasi nne, na kutoka ulipojibana mpaka kwa samaki kila risasi yachukua sekunde moja kufika. Basi umempiga mara nne kwa sekunde. Sogea mpaka nusu ya ile njia, risasi zafika kwa nusu sekunde, zarudi haraka, umempiga mara nane. Bunduki ni ile ile, pawa ile ile, kidole ni kile kile, ila umesogea tu. Na kwa sababu skrini ya Darius ni ndefu kushinda karibu kila gemu ya ndege unayoijua, tofauti ya karibu na mbali huku ni kubwa mno. Wewe kule pembeni wamrushia samaki punje moja moja wakati yeye akujibu kwa ndoo.

Na vile vibokisi ndo saa ya gemu. Vita vya bosi, yaani adui mkubwa wa mwisho wa stej, vinahesabiwa muda, ukichelewa sana vinaachiwa hivyo vibokisi, mimi naviita kete, hazivunjiki kwa risasi, zakufuata tu. Kwa hivyo usitafute mbinu ya kupigana nazo. Ukiziona ujue umechelewa tayari, tatizo lilikuwa dakika iliyopita.

Nna mpwa wangu hapa Makadara, wa miaka kumi na nne, alikuwa na ugonjwa huu huu. Namwambia sogea mbele, anasema nimesogea mjomba, alafu ukiangalia ndege iko pale pale imegandana na ukingo. Alikuwa hasemi uongo, alikuwa kweli anahisi amesogea. Nikachukua selotepu, nikakata vipande viwili vidogo, nikabandika kwenye fremu ya TV kwa chini, kimoja kwenye theluthi ya kwanza na kingine kwenye theluthi ya pili. Sasa TV ikawa na vyumba vitatu, kama zile skrini tatu za mashine yenyewe. Nikamwambia samaki chumba chake ni cha kulia, chako wewe ni cha katikati, na hiki cha kushoto ni baraza, waenda kupumua alafu warudi. Mchezo wa kwanza akafa. Wa pili akafa. Wa tatu nikamuona macho yanashuka kwenye selotepu kila baada ya muda anajiangalia yuko wapi, na hapo ndo akaanza kuelewa kwamba kila samaki anapofungua mdomo yeye alikuwa anarudi nyuma bila kujua, mkono unarudi wenyewe. Jioni ile ile alimuua, na zile kete hata hazikutokea. Kwa hivyo mdogo wangu tafuta selotepu. Mwambie binamu utaitoa.

Sasa usinielewe vibaya ukaenda ukamparamia samaki puani. Kukaa katikati ni mwendo wa kuingia na kutoka. Akishamaliza kutema risasi zake, kuna kijinafasi hapo kabla hajaanza tena, na hapo ndo waingia mbele unamimina, alafu ukiona mdomo waanza tena warudi mpaka kwenye kile kipande cha kwanza cha selotepu, si zaidi. Ni kama kuvua kwa mshipi. Ukishika samaki mkubwa huvuti tu moja kwa moja, mshipi utakatika, wavuta akilegea, walegeza akivuta. Wazee wa pale Likoni watakwambia hivyo hivyo. Wakati wa kusogea mbele atakupa samaki mwenyewe, usijipangie wewe.

Alafu macho. Wachezaji wengi wapya wanamtazama bosi kwa sababu bosi ni mzuri, mkubwa, anameremeta, king'ora kimelia na maandishi yametoka kwamba manowari kubwa yaja kwa kasi, nani hataangalia? Lakini yeye hakuui, zinazokuua ni risasi zake, na risasi zinakuulia pale ndege yako ilipo. Jicho lako liweke mbele kidogo ya pua ya Silver Hawk, upana wa kiganja hivi kwenye TV, na samaki umuone kwa ukingo wa jicho tu vile unavyoona bodaboda inakuja ubavuni ukivuka barabara. Itakuwa ngumu siku mbili tatu za kwanza. Vumilia.

Kuhusu kukwepa, risasi za hawa mabosi zagawanyika aina mbili na kila aina ina dawa yake, na wewe naona wazitibu zote kwa dawa moja ya kukimbia. Kuna risasi zinazolengwa kwako, na kuna zinazomwagwa tu kama mtu anavyomwaga maji ya kuoshea. Zinazolengwa zinaenda pale ulipokuwa wakati zinatoka mdomoni, hazijui utakuwa wapi baadaye. Kwa hivyo wataka kuhama kidogo tu, nusu ya mwili wa ndege, gusa pedi uachilie, gusa uachilie, ukishuka polepole na zenyewe zinapita juu yako zimejipanga kama siafu. Kosa ni kuruka mbali, kwa sababu ukiruka mbali wafika chini kabisa mapema umeishiwa nafasi, na risasi zimetawanyika skrini nzima badala ya kwenda mstari mmoja. Ukikaribia chini wafanya kitu kimoja tofauti, wachomoka kwa kasi mara moja mpaka juu yake, zile zinazofuata zinakosa mkao, unapata pengo, kisha waanza tena kushuka polepole.

Zile zinazomwagwa ni kinyume. Hizo hazikujui, ukikimbia wakimbilia nyingine. Simama, tazama pengo linalokuja kwako, ingia ndani yake. Na hapa ndo nilisema kurudi nyuma kuna maana, kwa sababu risasi zikitoka sehemu moja zinaachana kadri zinavyoenda, ukiwa mbali kidogo mapengo ni mapana. Kwa hivyo zilizolengwa wahama kidogo kidogo, za kumwaga wasimama na kurudi hatua moja. Kaa mchezo mzima mmoja bila kufyatua risasi hata moja, mtazame samaki tu na ujisemee kwa sauti hii ya kulengwa, hii ya kumwaga. Mpwa wangu alikataa kwanza akaona ni kupoteza muda.

Kuhusu wapi pa kumpiga, angalia rangi. Mabosi wa Darius wana mwili wenye magamba na wana mahali penye uhai, na risasi yako ikipata mahali penye uhai utaona pawaka, ikigonga gamba hakuna kitu, risasi imepotea na nafasi yake hewani ilikuwa imekaliwa bure. Kwa King Fossil shughuli yako ni kichwani, kule mbele mdomoni, ndio maana nasema upande naye na ushuke naye. Akipanda uko naye, akishuka uko naye, pua kwa mdomo. Ukibaki juu yake ama chini yake unachubua magamba tu.

Na huyu samaki unamjua ni nani lakini? King Fossil ni silakanti. Yule samaki ambaye wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mawe tu, kwa mabaki yaliyogeuka jiwe, wakasema ametoweka pamoja na dainosa miaka milioni 66 iliyopita, mpaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa makumbusho ya East London huko Afrika Kusini, akamkuta mmoja kwenye mzigo wa wavuvi. Ngazija na visiwa vyenzake wanamwita gombesa. Na mwaka wa 2001 mmoja akavuliwa hapa kwetu, Malindi, akaingia kwenye wavu wa meli ya kuvua. Tanga wanampata mpaka wametenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa hivyo yule bosi si kitu cha Wajapani tu, ni jirani yetu, yuko chini huko kwenye giza kuanzia hapa mpaka Komoro. Ukimwangalia kwenye gemu tazama mapezi, silakanti ana mapezi yenye nyama kama vijiguu, na waliomchora pale Taito wazi walimsoma vizuri. Mimi hili linanifurahisha kila nikimuona anaingia. Na gemu yote iko hivyo, mbele huko utakutana na pweza, na dome, na kasa, na nyangumi anaitwa Great Thing ambaye ni habari nyingine kabisa, ukimfikia tuandikiane tena. Mtoto wa pwani ana faida, majina yote anayajua kwa ladha.

Turudi. Umesema ukifa bunduki inakuwa dhaifu. Wakati wa stej kuna maadui wa rangi wakipigwa wanaacha viduara, chekundu ni bunduki ya mbele, kijani ni mabomu, buluu ni ngao. Bunduki ina madaraja, waanza na misaili, inakuja leza, alafu wevu (mawimbi), na kila daraja lina vingazi ndani yake. Ukifa hushuki daraja lakini warudishwa ngazi ya kwanza ya daraja ulilopo. Ndo maana wahisi umekuwa mnyonge ghafla. Maoni yangu mimi, na kuna watu watanibishia, leza ya mwanzo ni mtego, inapenya ndio lakini ni nyembamba mno kwa mtu anayejifunza, misaili iliyojaa vingazi naipenda zaidi. Kwa stej ya kwanza chukua vyote usijisumbue, ila cha buluu usikiache hata kama ni lazima uache chekundu. Ngao inakubali kugongwa badala yako, na anayejifunza kukaa karibu na bosi lazima atagongwa. Fika kwa samaki na ngao nzima. Ukiona umegongwa gongwa njiani na ngao imeisha kabla ya king'ora, basi hapo kazi yako ni stej, samaki bado.

Haya, sasa pedi na TV.

Hukusema wacheza vipi, lakini umesema Switch ya binamu, na mimi najua nyumba zetu, TV jioni ni ya mama na tamthilia, kwa hivyo bila shaka mara nyingi wacheza mkononi. Chukua rula. Skrini ya Switch ya kawaida ni inchi 6.2, upana wake ni kama sentimita 14 kasoro. Picha ya Darius upana ni mara nne ya urefu, kwa hivyo ikijaza upana wote, urefu wake unakuwa sentimita tatu na nusu tu. Sentimita tatu na nusu mdogo wangu! Ndege, samaki, risasi zote, zimebanwa kwenye utepe usiofika urefu wa kidole chako cha kati. Hakuna mtu atakayeona risasi iliyolengwa na iliyomwagwa kwenye utepe huo, na mimi nadhani ndo sababu ulianza kukimbilia pembeni, huoni kitu, waogopa, warudi nyuma. Kwenye TV ya inchi 32 utepe huo huo ni sentimita 17 hivi kwa urefu na 70 kwa upana. Hapo watu wanacheza. Omba TV asubuhi wakati hakuna anayeitaka, na kaa karibu nayo, mita moja hivi, mashine ya asili mtu alikuwa amekaa pua karibu na vioo.

Lakini TV nayo ina ugonjwa wake. Hizi TV za siku hizi zinaipiga picha pasi kabla ya kuionyesha, zinalainisha, zinaongeza rangi, na hiyo kazi yachukua muda. Gemu inaenda picha 60 kwa sekunde, TV ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu tayari uko nyuma picha sita, yaani risasi unayoiona mbele yako imeshafika. Ingia kwenye setingi za picha utafute modi ya gemu, iwashe. Zile za kulainisha mwendo zizime zote. Na pedi kama ni ya bluetuthi itumie kwa waya kama inakubali, ama tumia ile iliyokuja na mashine. Mimi niliwahi kupoteza mwezi mzima nikijilaumu vidole kumbe ni TV niliyonunua ya mtumba pale mjini ilikuwa inachelewesha, nilipobadilisha modi samaki wote walikuwa kama wamelegea. Kwa hivyo swali lako la mimi ama pedi, jibu ni wewe kwanza, TV pili, pedi ya tatu.

Kama wacheza kwenye ule mkusanyiko wa Darius Cozmic Collection uliotoka Japani 2019 na kwengine 2020, kuna sehemu ya kuseva papo hapo. Itumie vizuri. Cheza stej mpaka sekunde chache kabla ya king'ora, ukiwa na ngao nzima, seva hapo. Sasa waweza kumrudia samaki mara ishirini kwa nusu saa badala ya kurudi mwanzo kila mara. Ila usiseve katikati ya pambano, watu wengi wanafanya hivyo, wanaseva kila sekunde tano mpaka wanampita, alafu kesho hawawezi tena kwa sababu hawakujifunza kitu, walimvuka kwa viraka. Seva moja, kabla ya king'ora, basi. Na kwenye huo mkusanyiko mna Darius Gaiden ya 1994 pia, ile ni ya skrini moja, picha inajaa vizuri, na ukifa huumii sana. Siku ukichoka na King Fossil ingia huko upumzike, utamkuta samaki mwingine mwisho wa stej ya kwanza, na mwendo wa kuingia na kutoka ni ule ule.

Ukishamuua utaona njia inagawanyika mbili, juu na chini, na itakuwa hivyo kila baada ya bosi mpaka ufike stej ya saba. Usiniulize sasa hivi upite wapi. Kwa wiki hii fanya TV ya asubuhi, modi ya gemu, selotepu mbili, na mchezo mmoja wa kutazama tu bila kupiga. Alafu niandikie uniambie ulikufia chumba gani, cha kati ama cha kushoto.